Kompyuta inajizima na kuleta WHEA? Usikubali kuambiwa "prosesa imekufa" kabla hujacheki hivi vitu

Kuna sentensi moja ambayo fundi wa kompyuta akikuambia, shika mfuko kwanza: "Prosesa imekufa." Inatoka mdomoni haraka, inasikika kisayansi, na wewe ambaye umebeba mashine yako kwa matatu kutoka mtaani hadi Luthuli huna cha kujibu. Unauliza tu, "Sasa ni ngapi?"

Tuelewane mapema. Tukisema prosesa hapa, hatumaanishi lile sanduku zima ambalo wengi wetu tulizoea kuliita CPU tangu masomo ya kompyuta shuleni. Tunamaanisha kile kichuma bapa cha mraba, kidogo kuliko kiganja, kilicho chini ya feni na ambacho hufanya hesabu zote. Hicho kichuma ni kati ya vitu vinavyokufa mara chache zaidi ndani ya kompyuta. Pawa saplai, diski, feni na RAM ndizo huanza kusumbua. Kuna mashine za zamani ambazo kila kitu kimebadilishwa mara mbili na prosesa bado ni ile ile ya mwanzo.

Lakini mara chache si kusema kamwe. Miaka michache iliyopita kulitokea kisa cha ajabu ambapo prosesa za bei kali kabisa zilikuwa zinaharibika pole pole, na wenye mashine wakawa wanaambiwa shida ni kadi ya grafiki, ama ni gemu, ama ni Windows. Kwa hivyo makosa yako pande zote mbili: prosesa nzima inasingiziwa, na prosesa mbovu inaachiliwa huru. Kati ya hizo mbili kuna ganji yako. Habari njema ni kwamba mashine huandika yenyewe kilichotokea, na kusoma hayo maandishi si lazima uwe umesomea uhandisi.

Prosesa hujiripoti yenyewe

Ndani ya prosesa kuna sakiti za ukaguzi ambazo kazi yake ni moja tu: kuhakikisha data haijabadilika njiani. Data ikiwekwa kwenye kache, ile memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, inaandamana na biti za ziada za kuihakiki. Ikisomwa tena na hesabu ikatae kulingana, prosesa inajua hapa kuna kitu kimeharibika.

Hapo kuna njia mbili. Kama kosa ni dogo na linaweza kurekebishwa, linarekebishwa papo hapo, mashine inaandika ripoti kimya kimya na wewe unaendelea na movie yako bila kujua. Kama haliwezi kurekebishwa, prosesa inapiga nduru. Windows ikisikia hiyo nduru inasimamisha kila kitu na kukuletea skrini ya bluu (kwa Windows 11 mpya sai ni nyeusi). Inakera, lakini iko sawa. Ni kama wakala wa M-Pesa ambaye hesabu ya floti imekataa kuingiana: afadhali afunge kibanda sasa kuliko aendelee kuwapa watu pesa za makosa. Kompyuta ikiendelea kufanya kazi na data ambayo haiiamini, itaandika takataka kwenye diski, na hapo ndipo unapoteza hata project ya shule.

Maneno utakayoona kwenye hiyo skrini ni haya hasa: WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, ambayo namba yake ni 0x124. WHEA ni ile sehemu ya Windows inayopokea ripoti za hitilafu za vyuma. Ya pili ni CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, namba 0x101, maanake kiini kimoja cha prosesa kimeacha kuitika kikiitwa na vingine. Ya tatu ni MACHINE_CHECK_EXCEPTION, 0x9C, ambayo siku hizi huonekana kwa nadra.

Sasa shika hapa kwa makini, kwa sababu ndipo mafundi wengi hupotelea. 0x124 haisemi prosesa ni mbovu. Inasema prosesa ndiyo imeripoti. Anayepiga nduru si lazima awe ndiye mwizi. Stima ikishuka ghafla ndani ya pawa saplai, prosesa inakosa volti za kutosha, inakosea hesabu, inapiga nduru. Kadi ya grafiki ikileta fujo kwenye njia ya PCI Express, ripoti inapitia WHEA vile vile. RAM iliyosukumwa kasi kupita kiasi, hivyo hivyo. Ndiyo maana huwezi kuona herufi nne za WHEA ukakimbilia kununua prosesa.

Enda usome ripoti yenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, fungua. Ingia Windows Logs, kisha System. Utakutana na orodha refu ya vitu, mingi ikiwa na alama nyekundu na njano. Usishtuke. Hata mashine nzima kabisa huwa na hizo alama kibao, na kuna wasee matapeli ambao hupiga simu wakijifanya ni wa Microsoft na kutumia hizo alama kutisha watu. Wewe tafuta majina mawili tu kwenye safu ya chanzo: Kernel-Power na WHEA-Logger.

Kernel-Power huja na namba 41, na imechanganya watu wengi. Wengi huiona, wanaisaka mtandaoni, wanasoma neno pawa, wanaenda kununua pawa saplai. Kumbe 41 inasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Ni kama askari wa geti anayekuambia "huyu alitoka bila kusaini", sababu haijui. Lakini ukiifungua na kwenda kwenye maelezo ya ndani, kuna sehemu inaitwa BugcheckCode, na hiyo ni dhahabu. Ikiwa ni 0, hakukuwa na skrini ya bluu iliyorekodiwa: stima ilikatika, ama pawa saplai ilijizima, ama mashine iliganda ukashikilia swichi mpaka ikazima. Ikiwa ni 292, hiyo ni ile ile 0x124 ikiwa imeandikwa kwa namba za kawaida. 257 ni 0x101. Wengi hawajui hii, hata mafundi, kwa hivyo wanaona 292 na kudhani ni kitu kipya.

WHEA-Logger ndiyo shahidi mkuu. Namba 18 ni hitilafu ya kuua, ile iliyoangusha mashine. Namba 19 ni iliyorekebishwa, mashine ikaendelea. Namba 17 pia ni iliyorekebishwa, na mara nyingi inatoka kwenye PCI Express, yaani kadi ya grafiki, SSD ama Wi-Fi, kwa hivyo ukiona 17 mia tano usianze kulilia prosesa.

Fungua namba 18 usome ndani. Kuna mistari michache, na miwili ndiyo ya maana. Wa kwanza ni Error Type. Ukiona Cache Hierarchy Error, fujo ilitokea ndani ya kache. Bus/Interconnect Error ni njia za mawasiliano kati ya vipande vya prosesa ama kati yake na nje. Mstari wa pili ni Processor APIC ID, na huo ndio watu huruka. Ni anwani ya kiini kilichokosea. Kwa kawaida kila kiini kikubwa hubeba anwani mbili kwa sababu kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa hivyo 0 na 1 ni kiini cha kwanza, 2 na 3 cha pili, na kuendelea, ingawa mpangilio unaweza kutofautiana kati ya prosesa na prosesa.

Chukua karatasi, ama notes za simu. Andika tarehe, saa, Error Type na APIC ID ya kila mara mashine ilipoanguka. Usihukumu kwa tukio moja. Ukishapata tano ama sita, angalia. Kama karibu zote zinataja anwani ile ile, kuna kiini kimoja ndani ya hiyo prosesa kinachoshindwa na kazi, na hapo mshukiwa wako amejitokeza. Kama zimetawanyika, leo 3, kesho 11, kesho kutwa 6, kuna uwezekano mkubwa shida ni kitu ambacho viini vyote hutegemea: stima, RAM, joto ama mazabodi. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko maneno ya fundi yeyote ambaye hajafungua Event Viewer.

Wale wa Linux, mnajijua. Andika sudo dmesg na utafute mce ama Hardware Error, na ukitaka kumbukumbu inayodumu weka rasdaemon. Hitilafu ni zile zile, majina tu ndiyo tofauti.

Toa washukiwa wengine kwanza

Anza na wewe mwenyewe. Ulibadilisha kitu kwenye BIOS? Uliona video ya msee akipata fremu zaidi ukamwiga? Rudisha kila kitu kwa mipangilio ya kiwandani, ikiwemo XMP ama EXPO, ile swichi ya kuongeza kasi ya RAM. Watu hudhani XMP ni haki yao kwa sababu imeandikwa kwenye boksi la RAM, lakini inasukuma pia kidhibiti cha memori ambacho kiko ndani ya prosesa. Ukizima XMP na mashine ikatulia wiki nzima, prosesa haijakufa. Umeokoa pesa kwa kubonyeza kitu kimoja.

Kwa wenye Ryzen kuna mtego wake. Curve Optimizer hukuwezesha kupunguza volti za kila kiini ili mashine ikimbie ikiwa na baridi zaidi. Tamu sana, mpaka ianze kujirestati. Na cha kuchanganya ni kwamba haianguki ukiwa kwenye gemu zito. Inaanguka ukiwa umeacha Spotify na kuenda kupika. Sababu ni kwamba kazi ikiwa nyepesi, kiini kimoja kinaruka hadi kasi yake ya juu kabisa, na hapo ndipo zile volti ulizopunguza zinakosa kutosha. Namba 18, Cache Hierarchy Error, kiini kile kile kila mara. Inafanana kabisa na prosesa mbovu, kumbe ni setting. Ndiyo maana hatua ya kurudisha mipangilio inakuja kabla ya karatasi yako kuaminika.

Kisha joto. Hapa kuna siri: joto peke yake mara nyingi haliachi WHEA. Prosesa ikipanda karibu na kikomo chake, ambacho kwa Intel nyingi za kisasa ni nyuzi 100 na kwa Ryzen 7000 ni 95, inapunguza kasi ili ijiokoe. Unaona gemu imeanza kukwama. Ikizidi hapo inajizima ghafla kama imechomolewa, bila skrini ya bluu, na Event Viewer inabaki na 41 yenye 0. Pakua HWiNFO uangalie namba ukiwa kwenye kazi nzito. Hizi mashine za ex-UK tunazonunua, zile OptiPlex na EliteDesk, nyingi zimekuja na vumbi la ofisi ya mtu na thamo pesti iliyokauka kama chokaa. Kuibadilisha ni kazi ya dakika 20. Lakini kama ni Ryzen ya soketi ya AM4, washa mashine kwanza ipate joto kidogo, uizime, ndiyo ung'oe feni kwa kuizungusha taratibu. Pesti iliyoganda hung'oa prosesa pamoja na feni, pini zake zinapinda, na sasa umetengeneza ile shida uliyokuwa unaitafuta.

Stima nayo, hii ya kwetu, unaijua. Kama mashine huanguka wakati jirani anawasha koili ama ile saa taa zinapepesa, chukua hiyo kama ushahidi pia. Jaribu pawa saplai nyingine, ya kuazima tu, kabla ya kununua. Na RAM ina kipimo chake: MemTest86 inawekwa kwenye flashi, unawasha mashine kupitia hiyo flashi, unaiacha usiku mzima. Ikitoa makosa, toa kijiti kimoja kimoja mpaka ujue ni kipi.

Sasa ile stori ya Intel

Oktoba 2022 Intel ilitoa kizazi cha 13 cha prosesa zake za mezani, Oktoba 2023 ikatoa cha 14. Kinara walikuwa i9-13900K na i9-14900K, mashine za wasee wa kugemu na kuedit video ambao hawaulizi bei. Halafu malalamiko yakaanza kumiminika. Gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine zinaanguka zikifunguka, na ujumbe unasema memori ya kadi ya grafiki imeisha. Msee ana RTX 4090 yenye GB 24 na anaambiwa memori imeisha! Watu walibadilisha draiva, wakaweka Windows upya, wengine wakarudisha kadi dukani.

Waliofumbua fumbo mapema ni wale watu wa RAD, kampuni iliyo chini ya Epic Games, wanaotengeneza Oodle, programu ya kufumua data ya gemu iliyobanwa. Kufumua data ni hesabu nyingi sana zinazokimbia kwa kasi, na matokeo yake yanakaguliwa. Prosesa ikikosea biti moja, data inakataa kufunguka, na gemu, ikiwa haijui afanye nini mtu, inatoa ujumbe wa kwanza ulio karibu, ule wa memori ya grafiki. Kwa hivyo kosa la prosesa lilikuwa linavaa nguo za kadi ya grafiki. Ushauri wao ulikuwa rahisi: shusha kasi ya viini vikubwa kutoka 55 hadi 53 kwenye programu ya Intel, ujaribu tena. Gemu ikifunguka, umejua. NVIDIA nayo ikaanza kuwaelekeza wateja kwa Intel.

Julai 2024 Intel ikakubali kwamba maikrokodi, ile programu ndogo inayoishi ndani ya prosesa, ilikuwa inaomba volti za juu kupita kiasi. Septemba mwaka huo ikaipa shida jina, Vmin Shift, na kueleza kwamba kuna sakiti ya saa ndani ya viini ambayo inazeeka haraka ikipigwa na volti kubwa pamoja na joto. Maana yake kwa lugha ya mtaa: kila siku prosesa inahitaji volti zaidi kidogo ili kufanya kazi ile ile, mpaka siku zile inazopewa hazitoshi, na inaanza kukosea. Ndiyo maana mashine ilikuwa fiti miezi sita kisha ikaanza visa. Agosti 2024 ilitoka maikrokodi 0x129 iliyozuia maombi ya volti kuzidi 1.55, ikafuatwa na 0x12B, na Mei 2025 ikaja 0x12F kwa mashine zinazoachwa zikiwaka siku nyingi na kazi nyepesi.

Na hapa ndipo noma iko: hizo maikrokodi zinazuia uharibifu, haziponyi. Prosesa iliyokwisha kuzeeka imezeeka. Zinazoguswa ni za mezani za kizazi cha 13 na 14 za wati 65 kwenda juu, si i9 peke yake. Kuna i7 na i5 ndani ya orodha. Kwa laptop, Intel ilisema haziguswi na shida hii.

Kwa hivyo kama unanunua i9 ama i7 ya vizazi hivyo kutoka kwa msee wa pili, usiulize tu bei. Uliza imekimbia na BIOS gani na kwa muda gani. HWiNFO inaonyesha maikrokodi iliyopo sai, lakini BIOS mpya iliyowekwa jana haikuambii prosesa ilipitia nini mwaka mzima kabla ya hapo. Omba kuijaribu, na muuzaji akikataa kukupa hata saa moja, hapo umejibiwa.

Kuifinya mpaka iseme

Majaribio yenyewe si magumu. OCCT na Prime95 ndizo maarufu. Prime95 iliundwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, na kwa kuwa hesabu zake zina majibu yanayoweza kuhakikiwa, ikikosea inasema mara moja ni mfanyakazi gani amekosea. Intel ina kipimo chake rasmi, Intel Processor Diagnostic Tool, ambacho hukupa jibu la pita ama feli. Ni kizuri kwa karatasi ya waranti, lakini pita yake usiichukulie kama cheti cha afya, kwa sababu kiini kinachokosea mara moja kwa siku mbili kinaweza kupita jaribio la dakika chache bila jasho.

Kosa la wengi ni kufinya viini vyote kwa pamoja pekee. Ukifanya hivyo prosesa inapata joto, inashusha kasi, na kile kiini kibovu kinapumzika kwenye kasi ambayo bado kinaiweza. CoreCycler inapima kiini kimoja kimoja kwa zamu, kila kimoja kikiwa kwenye kasi yake ya juu. Iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta kiini cha 4 kimefeli, na karatasi yako ya APIC ID ilikuwa inasema 8 na 9, hao mashahidi wawili hawajawahi kuongea na wanasema kitu kimoja.

Njia ya bure kabisa: chukua faili kubwa la zip ama gemu iliyobanwa, ulifungue mara kumi. Likikataa kila mara mahali pale pale, faili ndilo bovu. Likikataa leo hapa, kesho pale, keshokutwa likubali, mashine yako inakosea hesabu, iwe ni RAM ama prosesa.

Na jaribio la mwisho, lile ambalo hakuna anayeweza kubishana nalo, ni kubadilishana. Weka prosesa yako kwenye mazabodi nyingine inayoikubali, ama prosesa ya mtu kwenye mazabodi yako. Hitilafu ikihama na prosesa, kesi imekwisha. Ikibaki na mazabodi, pole, lakini angalau umejua. Kwa mazabodi za Intel cheki pini za soketi ukitumia tochi ya simu, maana pini moja iliyolala inaweza kuleta drama yote hii. Kwa laptop sahau hili jaribio, prosesa nyingi zimeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hivyo "kubadilisha prosesa" hapo ni kubadilisha bodi nzima, na bei itakuambia hivyo.

Zile ambazo hazipigi nduru

Mashine ikianguka, kwa kweli una bahati. Kuna prosesa zinazokosea bila kusema. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha mafaili yaliyokuwa yanapotea kwenye mfumo wao. Walifuata kamba mpaka wakafika kwenye prosesa moja, na ndani yake kiini kimoja, namba 59. Hicho kiini kilipoulizwa 1.1 mara yenyewe hadi kipeo cha 53, kilijibu 0. Jibu sahihi likikatwa desimali ni 156. Ukikiuliza kipeo cha 52, kinajibu sawa. Mfumo ulipoona ukubwa wa faili ni 0, uliamua faili halipo, ukaliruka. Hakuna skrini ya bluu, hakuna WHEA. Google mwaka huo huo ikaandika kwamba inakutana na viini vichache vya aina hii kwa kila mashine elfu kadhaa.

Wakongwe watakumbuka Pentium ya 1994, ambayo Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu kule Virginia, Marekani, aligundua inakosea kugawanya. Chukua 4195835 ugawanye kwa 3145727: jibu ni 1.33382, Pentium ile ilisema 1.33374. Hiyo haikuwa kuzeeka, ilikuwa kosa la muundo lililokuwa kwenye kila moja, na iliigharimu Intel dola milioni 475. Kwako wewe nyumbani, dalili za kosa la kimya ni mafaili yanayoharibika bila sababu huku diski na RAM zikipimwa na kupatikana ziko sawa. Weka bakapu mahali pengine kabla ya kuendelea na uchunguzi, si baada.

Ukishajua ni yenyewe

Kama ulinunua prosesa ya boksi ya kizazi cha 13 ama 14 kati ya zilizotajwa, Intel iliongeza miaka miwili kwenye waranti, jumla ikawa mitano tangu siku ya kununua. Kama mashine ilikuja imeundwa tayari, unaanza na aliyeiunda ama kukuuzia. Utahitaji risiti na namba zilizochapwa kwenye mfuniko wa prosesa, kwa hivyo zipige picha kabla hujapaka pesti juu yake. Ambatanisha picha za namba 18, ile karatasi ya APIC ID, na matokeo ya majaribio ukiwa kwenye mipangilio ya kiwandani. Watakuuliza kama uliovakloki, na BIOS yako ni ya tarehe gani. Isasishe kabla ya kutuma madai.

Kama ni ex-UK bila risiti, hakuna waranti ya kukimbilia. Lakini prosesa za mashine hizo za zamani zimejaa mtaani kwa bei ya chini, na ikifika hapo uliza bei ya prosesa kando na bei ya kazi. Mwambie fundi akurudishie ile ya zamani mkononi. Na akikuambia imekufa, muulize kwa upole: "Ni kiini gani, na Event Viewer imesema nini?"